Anayesifu kila tablo, je, anatupenda?

Katika muji wetu wa Lubumbashi tablo si kitu kigeni. Wazee wetu walitundika tablo sebuleni: mamba muntu, kijiji cha zamani, ao Colonie belge na mufungwa wake anayepigwa fimbo. Nyingi zilichorwa juu ya kitambaa cha mufuko wa unga kilichovutwa kwenye mbao. Mugeni alipoingia, alitazama, akasema neno lake, na mazungumzo yakaanza. Picha hizo watu waliziita ukumbusho. Hakuna aliyemuomba mugeni diplome mbele ya kusema.

Sisi tunaoandika hapa si mafundi. Kati yetu kuko walimu, mushonaji mumoja, mama anayeuza sokoni, na vijana wasio na kazi. Kila siku ya posho, saa za mangaribi, tunakutana katika lupango ya mumoja wetu na kujifunza kupaka rangi. Mwaka wa kwanza tulichekana sana. Mama mumoja alichora mbuzi, tukamuuliza kama ni imbwa, hakurudi tena. Tulipata haya, tukaweka sheria: hapa hakuna kulaumu tablo ya mwenzako. Kutoka siku ile kila kazi ilikuwa nzuri kabisa. Tulifikiri njo upendo ule.

Kisha kijana mumoja wetu alipata komande yake ya kwanza. Familia moja ilimupa foto ndogo ya kitambulisho cha baba yao aliyekufa, achore sura yake kwa siku ya kumaliza kilio. Alileta kazi kwetu mbele ya kuipeleka. Wote tuliona kwamba macho hayakukaa kwenye mustari mumoja, na shingo ilikuwa ndefu. Wote tulisema, «Iko muzuri.» Alipoifunua mbele ya familia, watu walinyamaza, na mutoto wa marehemu akasema: «Huyu si baba yetu.» Jioni kijana alirudi na tablo kwapani, akatuuliza: «Mulikuwa munaona, bayaya? Juu ya nini hamukuniambia?»

Hatukuwa na jibu. Ni swali hilo tunalotaka kuchunguza hapa: anayesifu kila kitu tunachofanya, anatupenda, ao anajipenda yeye mwenyewe?

Tukisema ukweli, sisi tulikuwa tunajilinda. Tuliogopa kuchukiwa, na tuliogopa zamu yetu itakapofika. Sifa yetu haikutugharimu kitu. Aliyeilipa ni yule kijana, mbele ya watu, siku ya kilio. Kwa hiyo kicheko cha mwaka wa kwanza na sifa za mwaka wa pili zinafanana kuliko tulivyofikiri. Anayecheka hatazami tablo. Anayesifu bila kutazama, naye hatazami.

Mutu atauliza: asiyejua kushika brashi ana haki gani ya kusema? Siku chache nyuma, mujane wa marehemu mwenyewe alikuja kwenye lupango. Hajachora hata siku moja. Aliketi, akatazama muda murefu, akasema: «Mwanangu, bwana yangu hakukuwa na macho ya namna hii. Hili la kushoto alikuwa analikunja kidogo, sawa vile mutu anaangalia jua. Na shingo yake ilikuwa fupi.» Hakusema «mubaya». Alionyesha pahali. Kijana alirudilia kazi mara tatu. Mudomo ulimushinda mpaka mwisho, lakini mama alipoiona alisema: «Sasa ninamuona.» Anayekula ugali anajua kama haujaiva, hata kama si yeye aliyeupika.

Lakini tusikimbilie upande wa pili na kusema kwamba kila lawama inapashwa kufuatwa. Historia ya muji wetu inatukataza. Katika mwaka 1946, wakati Lubumbashi iliitwa Elisabethville, Mufaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa chumba cha kazi kilichoitwa Le Hangar. Hakutaka vijana wake waige picha za Ulaya. Bela Sara alipaka rangi kwa vidole. Pilipili Mulongoy alijaza tablo samaki, ndege na majani, kila kitu na alama zake ndogo ndogo. Mwenze Kibwanga alijenga watu na nyama kwa mistari mifupi iliyopangwa karibu karibu. Mutu angeweza kumuambia Mwenze: «Ngozi ya mutu haina mistari.» Ni kweli, haina. Lakini kama angetii, tungempoteza Mwenze.

Basi tofauti iko wapi? Tunaona hivi: lawama nzuri inauliza kwanza mwenye kazi alitaka kufanya nini. Kijana wetu alitaka kumurudisha baba mbele ya watoto wake. Jicho lilimuangusha katika nia yake mwenyewe. Mwenze hakutafuta foto, alitafuta kitu kingine, na mistari yake ilimufikisha. Anayelaumu bila kuuliza nia anataka tu tuchore tablo yake kwa mukono wetu.

Na mwenye kupokea ana deni vilevile. Wazee walisema mficha uchi hazai. Anayegeuza tablo yake ukutani kusudi isionekane atabaki pale alipo. Tumejifunza kunyamaza mwenzetu akisema, kuuliza «wapi?», kulala na neno lake usiku mumoja, kisha kuchagua. Moyo unauma, na hatujui dawa ya kuondoa maumivu hayo. Tunajua tu kwamba ni madogo kuliko yale ya siku ile ya kilio.

Sheria yetu ya zamani tumeiondoa. Mahali pake tumeandika nyingine: usiseme neno juu ya tablo ambayo hujaitazama vizuri. Tulienda pia kwa yule mama wa mbuzi, kumuomba musamaha. Alitupatia viti na maji, akasema atafikiri. Tunamungoja.