Alama Juu ya Askari wa Udongo

Hapa kwetu Bwegera watoto huchimba udongo kando ya mifereji ya mashamba ya mpunga, hufinyanga askari, mizinga na magari, kisha huvianika juani. Mchezo huo si mgeni katika uwanda wa Ruzizi. Kinachotushangaza ni rangi. Kwa chokaa, masizi ya chungu na vumbi la matofali, na kwa ncha ya mwiba au ya unyoya wa kuku, mtoto wa miaka 11 aweza kuchora cheo begani mwa askari asiyezidi urefu wa kidole. Juu ya gari jeupe ataandika zile herufi za Umoja wa Mataifa tulizozizoea barabarani miaka mingi. Askari wale walimaliza kazi yao Kivu ya Kusini mwaka 2024, lakini mikono ya watoto haijazisahau herufi zao.

Jioni moja mama mjane alimleta mwanawe kwetu, amemshika mkono kwa nguvu. Katika kikapu mlikuwa na askari wawili na gari moja. Wengine saba alikwisha kuwaponda kwa mchi.

“Mwalimu,” alisema, “tazama mwenyewe. Hii ni alama ya wale waliomwua baba yake. Mtoto anaichora usiku na mchana, tena anaichora vizuri. Je, hii si dhambi? Si kuabudu sanamu?”

Twakiri kwamba tulijibu kwa haraka. Tulimwambia kijana avitupe vyote mtoni. Tulimhurumia mama, na huruma ikatutangulia kabla ya akili.

Usiku ule tulifikiri tena. Habari ya sanamu ni rahisi: hakuna aliyepiga magoti mbele ya udongo ule, wala aliyeuomba kitu. Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima tunayoipa picha takatifu humwendea yule aliyechorwa. Lakini kumbe, hapo ndipo shida inapoanza. Ikiwa heshima hupita katika picha na kumfikia mwenyewe, basi mtoto anayechora alama ya wauaji kwa uangalifu mwingi hivyo, je, hawaheshimu wauaji?

Tulipata jibu kanisani. Katika picha nyingi za Njia ya Msalaba wamo askari wa Kirumi, wenye mikuki, kofia za chuma na bendera, na juu ya bendera zimeandikwa herufi nne za dola ya Roma, wazi kabisa. Mchoraji hakuzifanyia haraka. Wala hakuna Mkristu asemaye kwamba mchoraji yule aliwaheshimu waliomsulubisha Bwana wetu. Alizichora kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na mateso hayakufanywa na watu wasiojulikana. Uangalifu si heshima. Mara nyingine uangalifu ni ushahidi tu.

Basi tulimwita kijana, tukamwuliza sababu. Alijibu bila kuinua macho: “Mwalimu, nisipoichora watakuwa watu tu. Nani atajua kwamba ni wao?”

Ilitubidi kufuta neno letu la kwanza, na mbele ya mama yake.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya watoto wa vijijini peke yao. Huko Ulaya watu wazima hukaa mezani na brashi nyembamba, wakichora kila nishani ya kila kikosi. Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za mchezo huo mwaka 1913, akasema kwamba vita vidogo vya sakafuni ni bora kuliko vile vya kweli. Twakubali. Lakini mwaka uliofuata vya kweli vilifika, hata hapa kwenye ziwa letu la Tanganyika. Tarehe 26 Desemba 1915 Waingereza waliiteka mashua ya Wajerumani iliyoitwa Kingani, wakaipa bendera yao na jina jipya, Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi ilisaidia kuizamisha Hedwig von Wissmann, meli ya mabwana wake wa zamani. Chuma kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni kitambaa na jina, na hayo yalitosha kugeuza mzinga upande wa pili. Anayechora alama, hata juu ya udongo, amesema neno, na neno lile ama ni kweli ama ni uongo.

Kwa hiyo lile gari lilitusumbua kuliko askari. Juu yake palikuwa na bunduki kubwa, na mlangoni msalaba mwekundu juu ya chokaa nyeupe.

“Msalaba huu wa nini?”

“Ili wasilipige, Mwalimu.”

Tulimweleza kwamba alama ile ilikubaliwa na mataifa mjini Geneva mwaka 1864, ili iwalinde majeruhi na wanaowatibu. Ukiificha bunduki nyuma yake leo, kesho gari la wagonjwa halitaaminiwa, nalo litapigwa. Huo ni uongo, na amri ya nane yaukataza.

Kijana alifikiri, akauliza: “Na Konstantino je? Si ulitufundisha kwamba askari wake walichora alama ya Kristu juu ya ngao zao, wakashinda?”

Ndiyo, tulifundisha hivyo. Ni vita vya daraja la Milvio, karibu na Roma, mwaka 312, na tulivisimulia kwa furaha, kwa kuwa baada ya hapo Wakristu walipata amani. Tulinyamaza kidogo. Kisha tulimsimulia sehemu ambayo hatukumfundisha. Mwaka 390 askari wa Kaisari Theodosio, Mkristu, waliwaua maelfu ya watu katika mji wa Thesalonike. Mtakatifu Ambrosio, askofu wa Milano, hakutazama Kaisari anabeba alama ya nani. Alimzuia asipokee Sakramenti mpaka alipofanya kitubio mbele ya watu wote. Alama ya Kristu haikumsafisha aliyeua, bali ilimwongezea hukumu.

“Basi Konstantino alikosea?”

Tulimwambia kwamba Bwana wetu alikufa juu ya msalaba, hakuua nao, na kwamba sisi tusingeuchora juu ya ngao. Yeye alikuna ule msalaba mlangoni kwa ukucha, polepole, bila kusema neno. Bunduki aliiacha.

Mama hakukubali alama ile ilale chini ya paa lake, wala hatukumlazimisha. Wale askari wawili sasa wako dirishani petu, na kijana hupita kila baada ya mafundisho kutazama kama rangi imepauka.