Moshi Wangu, Hewa ya Nani?



Mwaka jana pikapu yangu ilianza kukosa nguvu mlimani. Fundi aliingia chini, akagonga bomba la ekzosi, akatoka na jibu: "Mzee, masega yameziba. Tuyatoe, tuunge bomba tupu. Tena mnunuzi wa masega yupo, atakupa pesa." Nilikuwa na karo ya kulipa, nikakubali. Gari likavuta, pesa nikapokea, nikarudi nyumbani nikimshukuru Mungu. Shukrani ile ndiyo inayonisumbua hadi leo.

Yafaa kwanza tujue masega ni nini. Ni kopo la chuma lililomo katika bomba la moshi. Ndani yake mna kauri yenye matundu madogo madogo kama sega la nyuki, iliyopakwa madini adimu: platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa moto ukipita hapo, gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu nayo huweza kuua mtu, hugeuzwa kuwa kaboni dayoksaidi. Mabaki ya petroli huunguzwa, na gesi za naitrojeni zinazodhuru mapafu hupunguzwa. Marekani ilianza kuyafunga kwa wingi katika magari ya toleo la 1975. Huku kwetu yasingedumu mpaka petroli yenye risasi iondoke, maana risasi huyaharibu. Nayo ilikwisha kuachwa karibu kote kusini mwa Sahara ilipofika mwaka 2006.

Je, nilitenda kosa? Mtu aweza kusema: gari ni langu, masega ni yangu, nimeuza changu. Tena moshi wa pikapu moja ni nini katika mji wenye maelfu ya magari?

Hebu tuzipime hoja hizi. Gari ni langu, ndiyo, lakini moshi wake sikai nao mimi. Mimi naenda mbele, nao unabaki nyuma kwa mama anayeuza mihogo kituoni, na kwa mtoto anayengoja kuvuka barabara. Niliuza changu, lakini katika bei ile ilikuwamo na pumzi yao, nao hawakuulizwa. Na yale maelfu ya magari, kila moja lina mwenyewe, na kila mwenyewe aweza kusema kama mimi. Haba na haba hujaza kibaba, hata kibaba cha sumu.

Lililo gumu ni umaskini. Masega mapya ni ghali, na karo haingoji. Simhukumu mwenye shida. Lakini baadaye nilijifunza kwamba mara nyingi masega huziba kwa sababu injini inakula oili au plagi hazichomi vizuri. Yangu ilikuwa inakula oili. Nilipaswa kuuliza kwa nini yameziba; mimi nikauliza nitapata shilingi ngapi.

Injini nimekwisha kuitengeneza, na sasa naweka akiba kidogo kidogo ili niyarudishe masega. Hakuna askari aliyenisimamisha. Ila kila asubuhi niwashapo gari, mjukuu wangu husimama nyuma kunipungia mkono, nami humwambia asogee. Mtoto wa jirani je, nani atamwambia asogee?