Gwaride Likiisha, Je, Deni Limekwisha?

Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Kongo waliingia Tabora. Mwaka 1941 wenzao waliwashinda Waitalia huko Saio, Uhabeshi. Jeshi lao, Force Publique, lilikoma mwaka 1960, na magwaride yake ya ukumbusho pamoja nalo. Je, deni la walio hai kwa marehemu limekoma pia?

Sivyo, kwa maana gwaride halikulilipa lote. Tarumbeta ziliwasifu wenye bunduki. Wapagazi waliokufa chini ya mizigo, nani aliwapigia? Yuda Makabayo alichangisha fedha, itolewe sadaka kwa ajili ya askari wake waliokufa.

Basi, wakatekumeni wa Masisi na Walikale, wapeni marehemu sala, na yatima wa vita chakula. Ukumbusho usiogharimu kitu ni kelele tu.