Shahidi Tusiyempenda

Wazee wa baraza wana ruhusa ya kumkataa shahidi. Mlevi, au mtu mwenye kisa na mshitakiwa, haaminiwi. Lakini nimeona pia shahidi akisikilizwa kwa heshima yote, na alipokwisha kusema neno lisilotakiwa, hapo ndipo watu wakakumbuka kwamba ni mlevi. Je, hiyo ni haki?

Swali hilo liliwapata wataalamu wa nyota katika kupatwa kwa jua kwa tarehe 29 Mei 1919. Siku ile kivuli cha mwezi kilitoka Amerika ya Kusini, kikavuka bahari, kikapita hata juu ya Kongo. Waingereza walituma watu mahali pawili: Eddington na Cottingham katika kisiwa cha Príncipe, karibu na Gaboni; Crommelin na Davidson mjini Sobral, katika Brazili. Walitaka kujua kama jua hupinda mwanga wa nyota unaopita kando yake. Nyota hizo hazionekani mchana, ila jua likifunikwa kabisa. Einstein alikuwa amesema mwanga utapinda kwa sekunde 1,75 (sekunde hii si ya saa, ni digrii moja iliyogawanywa mafungu 3600). Kwa kuzifuata kanuni za Newton, ingekuwa nusu tu.

Huko Príncipe kulikuwa na mvua na mawingu. Katika vioo 16 vya picha, viwili tu vilifaa, navyo vikatoa 1,61. Darubini ndogo ya Sobral ilitoa 1,98. Lakini darubini kubwa ya Sobral ilitoa 0,93, yaani ilimshuhudia Newton. Na hiyo wakaiweka kando! Tarehe 6 Novemba 1919, mjini London, walitangaza kwamba Einstein amesema kweli.

Mwenye shaka atasema: walichagua walichokitaka. Tena Eddington mwenyewe alikuwa amekwisha kuyasadiki maneno ya Einstein kabla ya kupanda meli.

Lakini mimi nauliza: walimkataa shahidi lini? Saa tisa ya usiku, kabla ya mapambazuko ya tarehe 30 Mei, vioo vya kwanza vya darubini ile vilioshwa Sobral, wakaandika palepale kwamba nyota zimefifia na kutanuka. Walidhani joto la jua limeharibu umbo la kioo chake cha kurudisha mwanga. Wakati huo hakuna aliyekuwa amepima kitu. Kasoro ilijulikana kabla ya ushuhuda.

Sisemi kwamba shaka yote imekwisha. Kama darubini ile ingalitoa 1,75, je, wangaliitupa kwa wepesi uleule? Sijui, na labda wao wenyewe hawakujua. Ila hawakuificha ile 0,93. Waliipiga chapa pamoja na nyingine katika taarifa yao ya mwaka 1920.

Mwaka 1979 Waingereza walivipima tena vioo vya Sobral kwa mashine mpya. Vile vya darubini kubwa vikatoa karibu 1,55. Kumbe, kwa miaka 60 hakuna aliyevivunja.