Mjuzi wa Maandiko na Jirani Yake

Mtu akiyajua Maandiko Matakatifu kuliko wenzake wengi, naye akamdhulumu jirani yake, je, kazi yake tuipokee au tuitupe? Swali hili si la maprofesa peke yao. Lamhusu kila mwalimu wa kanisa, maana yeye naye huyafasiri maneno ya Mungu mbele ya watu.

Tutazame habari za Gerhard Kittel, Mlutheri wa Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1888. Tangu mwaka 1926 alikuwa profesa wa Agano Jipya katika Chuo Kikuu cha Tübingen. Alivisoma sana vitabu vya walimu wa Kiyahudi wa zamani, ili aifahamu Injili vema zaidi. Kisha akawakusanya wenzake waandike kamusi kubwa yenye kueleza maneno ya Kiyunani ya Agano Jipya, neno kwa neno. Yeye alizisimamia juzuu nne za kwanza. Baadaye Gerhard Friedrich akaiendeleza kazi, na juzuu ya tisa ikatimia mwaka 1973. Ikafasiriwa kwa Kiingereza, ikaenea katika vyuo vya wachungaji vya nchi nyingi.

Juzuu ya kwanza ilitimia mwaka 1933, na ndani yake limeelezwa neno agape, yaani upendo. Mwaka ule ule, mwezi wa Mei, Kittel aliingia katika chama cha Hitler; na mwezi wa Juni alitoa hotuba huko Tübingen, akitaka Wayahudi wa Ujerumani wahesabiwe kuwa wageni katika nchi waliyozaliwa, wala wasiwe raia sawa na wengine. Martin Buber, mwalimu wa Kiyahudi, alimjibu kwa barua ya wazi, lakini Kittel hakugeuka. Tangu mwaka 1936 alishirikiana na taasisi ya serikali iliyowapinga Wayahudi. Vita ilipokwisha mwaka 1945, Wayahudi kama 6,000,000 walikuwa wameuawa. Wafaransa walimfunga Kittel, naye akaondolewa katika kazi yake. Aliandika maneno ya kujitetea, akisema kwamba alisimama kama Mkristo. Akafa mwaka 1948.

Asiseme mtu kwamba siku zile haikuwezekana kuona. Mwaka huo huo wa 1933 Dietrich Bonhoeffer, kijana wa miaka 27, aliandika kwamba Kanisa lina wajibu kwao wote wanaoumizwa na serikali, hata kama si Wakristo. Biblia ya watu hawa wawili ilikuwa moja.

Basi, kamusi ile tuifanyeje? Wako wasemao itupwe. Lakini iliandikwa na watu wengi, tena neno la Kiyunani lililoelezwa sawasawa haliwi uongo kwa ajili ya dhambi ya msimamizi. Wako wengine wasemao tuyanyamaze makosa yake, kwa kuwa marehemu yu mbele ya Hakimu wake. Hili nalo si jema, maana kosa lililofichwa hurithiwa na wanafunzi. Wala kosa halikukaa nje ya kitabu tu: mna mahali ndani yake ambapo dini ya Wayahudi imeelezwa kwa dharau. Tena mwaka 1961 mtaalamu James Barr alionyesha hatari nyingine, kwamba kamusi hii hulitwika neno moja mzigo wa mafundisho mazima, na hali maana hupatikana katika sentensi. Basi aitumiaye na aitumie, lakini aipime, na wanafunzi wake awaambie habari yote.

Wahenga walinena, elimu bila amali ni kama nta bila asali. Mwanasheria yule aliyemjaribu Bwana wetu habari za uzima wa milele aliijua torati, akaitaja bila kukosea. Hakukosa elimu, aliloshindwa ni kumtambua jirani. Sisi tufundishao na tujiulize kila tulifunguapo Neno: Ni nani katika mji wetu tuliyemfanya mgeni? Ni kabila gani, ni ukoo gani, ni watu wa dini gani tunaowanena kwa dharau baada ya ibada? Tukiwa nao watu wa namna hiyo, ujuzi wetu wa Maandiko hautatutetea, bali utatushuhudia.