Sauti ya Kuazima: Swali la Haki katika Singin' in the Rain
Filamu Singin' in the Rain (1952), iliyoongozwa na Gene Kelly na Stanley Donen, inamhukumu mhusika Lina Lamont kwa kujitwalia sauti ya Kathy Selden. Pazia linapoinuliwa, mwimbaji aliyefichwa anaonekana, nayo hadhira inaridhika kwamba haki imetendeka. Hata hivyo, Kathy anapomwimbia Lina wimbo wa "Would You?", sauti tunayoisikia si ya Debbie Reynolds, aliyeigiza Kathy, bali ni ya Betty Noyes, ambaye filamu haikumtaja. Je, sanaa inayotenda kosa inalolilaani hupoteza uadilifu wake? Kwa maoni yetu, funzo lenyewe halibatiliki. Kinachobatilika ni haki ya studio ya kulitoa. Mhakiki asiyemtaja Noyes naye anashiriki kosa hilo.