Kumuachia Kiumbe Si Kumtupa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa vya nchi kavu na vya baharini. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Leo nawaeleza fatwa niliyoitoa kwa haraka muhula uliopita, na kiumbe aliyekufa kwa sababu yake.

Hapa Kampala yuko mzee mmoja tunayeswali naye. Dukani kwake alikuwa na tangi la kioo lenye maji ya chumvi, samaki wanne wa baharini na vipande viwili vya matumbawe. Biashara ikapungua, akatakiwa kuhama mwisho wa mwezi, na tangi hakuna aliyelitaka. Alhamisi moja baada ya Alasiri akaniuliza, "Sheikh wetu, wewe unasoma dini. Hawa samaki nikiwapeleka ziwani, nitapata dhambi?"

Lile jina la "sheikh" lilinipendeza. Sikuuliza swali hata moja. Nikamjibu, "Hajji, anayewaruzuku ni Mwenyezi Mungu, si wewe. Waachie tu, ziwa ni kubwa." Akanishukuru. Usiku ule akazima pampu kupunguza gharama ya umeme, maana Jumamosi wangeondoka.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kumsaidia kubeba ndoo. Tukamkuta fundi wa kusafisha tangi, amekuja kuchukua vifaa vyake. Samaki mmoja alikuwa akielea, ameshakufa. Watatu waliobaki walikuwa juu ya maji, wanatweta. Fundi akawasha pampu kwanza, ndipo akauliza wanapelekwa wapi. Nikasema, ziwani.

"Hawa ni wa bahari," akasema. "Maji yao yana chumvi kama gramu 35 kwa kila lita. Ukimtia huyu katika Ziwa Viktoria, maji yatamwingia na chumvi ya mwilini itamtoka. Atakufa na chakula kimemzunguka."

Hajji hakusema neno. Aliniangalia mimi.

Ndugu zangu, kijana yule si Mwislamu wala hakusoma chuo. Lakini alikijua kilichokuwa mbele yetu. Mimi sikukijua, nikakitolea hukumu. Aya ya riziki ni kweli tupu. Mimi ndiye niliyeifanya kuwa kisingizio cha kutua mzigo.

Jioni nikafungua vitabu vya fiqhi, mlango wa nafaka, yaani matumizi ya lazima. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi wamelieleza jambo hili zamani. Mwenye mnyama analazimika kumlisha na kumnywesha. Akishindwa, amuuze, au amchinje ikiwa ni wa kuliwa, na kadhi anaweza kumlazimisha. Kumuachia ajitafutie kunatosha pale tu ambapo malisho yanamtosheleza.

Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Hakumlisha, wala hakumfungulia ajitafutie. Nilidhani hadithi ile inatuambia tufungue mlango, basi yameisha. Lakini paka akifunguliwa mlango anaweza kuishi. Samaki wa bahari akitiwa ziwani hakufunguliwa mlango, amehamishiwa kaburini.

Kufuga kwenyewe si kosa. Abu Umayr, mdogo wake Anas, alikuwa na kindege, na Mtume (S.A.W.) hakumkataza, bali alimtania kwa upole. Kosa huanza pale tunapochoka na kiumbe ambaye bado anatutegemea.

Nilimuuliza fundi, basi tuwarudishe Mombasa, baharini kwao? Akasema hata hilo si jepesi. Samaki waliokaa tangini huweza kubeba maradhi ya samaki wa bahari nyingine, na wengine si wa bahari ile kabisa. Baadaye nikasoma habari za samaki mmoja mwenye miiba ya sumu, asili yake Bahari ya Hindi na Pasifiki. Mwaka 1985 alionekana Florida, Marekani, na leo ameenea Karibi yote akila samaki wadogo wa huko. Wataalamu wanaona chanzo chake ni wafugaji waliowaachia samaki wao. Huenda nao walidhani wanawahurumia.

Kilichobaki kilikuwa kuwatafutia mlezi. Fundi akampigia simu daktari mmoja wa meno, mwenye tangi la maji ya chumvi katika zahanati yake, naye akakubali. Hatukuweza kununua tangi jipya na kuwatia siku hiyo hiyo. Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, na bakteria wanaoivunja huchukua wiki kadhaa kukua. Kwa hiyo tulibeba mawe yao pia, kwa kuwa bakteria hao huishi juu yake, yote ndani ya maji yao ya zamani. Matumbawe nayo tuliyabeba kwa uangalifu uleule, kwani ni mnyama hai, si jiwe wala ua. Tulipofika, tuliwaongezea maji ya makao mapya kidogo kidogo, karibu saa nzima. Kipande kimoja cha matumbawe kilikufa. Cha pili kilifunguka baada ya siku chache. Samaki watatu wako hai hadi leo, alhamdulillah.

Nilirudi kwa Hajji nikamwambia, "Nilikosea, nisamehe." Akanijibu, "Mwanangu, hata mimi nililitaka jibu lile."

Neno hilo bado linanichoma. Mara nyingi muulizaji anataka ruhusa ya kutupa, na muulizwaji anataka kuitwa sheikh. Anayeumia ni kiumbe asiye na ulimi.

Ndugu zangu, mwezi ujao chuo kinafungwa. Karibu kila hosteli ina paka tuliyemzoesha mabaki ya chakula chetu. Kabla hujafunga begi, jiulize nani atamlisha, kisha umkabidhi kwa mtu huyo kwa jina lake. Usiseme tu, "Mungu yupo." Yupo, na atakuuliza. Amana haiishi kwa kuchoka nayo. Huisha unapoifikisha mikononi mwa anayeweza kuibeba.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyasema bila elimu, na utujaalie huruma kwa kila uliyemuumba. Amin.

Wabillahi tawfiq.